Kiwiko cha Kununua

Walisema mtoto aliyeenda dukani kununua kiwiko hawezi kusoma akafika popote. Juzi hapa Chepilat nilimwona mtoto wa chekechea akikohoa ndani ya mkono uliokunjwa, bila kuambiwa na mtu, nikacheka peke yangu.

Alasiri ile, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa hapa, darasa letu lilinuka sweta zenye unyevu, na kila dawati lilikuwa na mtu wa kupiga chafya. Mwalimu alifungua madirisha yote, akasema, "Kuanzia kesho, asiyekohoa kwenye kiwiko chake atabaki nyumbani mpaka homa iishe."

Kwa Kiswahili sisi tulijua neno "mkono" tu. Nilidhani kiwiko ni aina ya kitambaa, nami nilikuwa nakohoa na sikutaka kukosa shule hata kidogo. Nilikimbia dukani kwa Mama Chebet, palipojaa harufu ya mafuta ya taa.

"Mama, niuzie kiwiko."

"Kiwiko? Wee kijana, umekuja na viwili na bado unataka cha tatu?" Alinigonga penye mfupa, pale mkono unapokunjika, na wateja wote wakaangua kicheko.

Kufikia jioni soko zima liliniita Kiwiko. Lakini kesho yake darasani, wenzangu wakikisia kiwiko ni nini, ni mimi peke yangu niliyekohoa mahali panapofaa.

Sasa nimerudi na diploma ya afya ya jamii niliyojilipia mwenyewe, na shule za hapa huniita niwafundishe watoto kuzuia homa. Mlangoni kwangu nimeandika kwa herufi kubwa: Mwalimu Kiwiko.