Pikipiki ilikuwa uani, lakini mdogo wangu alipoteza korodani moja kwa sababu ya aibu yangu

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea. Naanza na waliokuwepo siku ile, maana kila nikiwahesabu namwona mtu ambaye angeweza kumsaidia mdogo wangu.

Uani tulikuwa watano. Mimi. Mdogo wangu Ntandu, miaka ishirini. Mdogo wetu wa mwisho Salome, yuko sekondari, alikuwa likizo. Jirani yetu Mama Ester. Na Shaabani, dereva wa bodaboda, rafiki wa Ntandu tangu shule ya msingi. Pikipiki yake alikuwa ameiegesha kwenye kivuli cha ghala.

Wa sita ni baba mdogo, lakini yeye alikuwa mnadani. Huyo ndiye tuliyemsubiri.

Kwetu ni jirani na Ilongero. Kwa boda mpaka Singida mjini hata saa moja haifiki. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Siku hiyo tulikuwa tunapiga alizeti. Vichwa vimekauka vizuri, tumevitandaza kwenye turubai, kila mtu na fimbo yake. Mama Ester alikuwa anamtania Ntandu.

"Wewe piga, mwanangu! Hiyo ni alizeti, siyo mchumba."

Tukacheka. Ntandu naye akacheka, akainua fimbo.

Fimbo ilimdondoka. Aliinama akashika magoti, halafu akaenda nyuma ya ghala, tukasikia anatapika. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi.

Nikamfuata kumuuliza ni nini. Akasema tumbo. Nikadhani ni mlenda wa jana yake. Nikampa maji yenye chumvi na sukari, nikamwambia akajilaze ndani.

Hapa nisimame kidogo niwaambie sisi ni nani.

Baba alitangulia. Mama akafuata nikiwa form two. Ntandu alikuwa na miaka saba, Salome alikuwa hajajua hata kusema jina lake vizuri. Shule nikaiacha hapo hapo. Sijutii. Nililima, nikafuga kuku, nikauza alizeti, Ntandu akamaliza form four.

Huyu mtoto nimembeba mgongoni. Nimemwogesha, nimemkata kucha, nimemfuta kamasi. Lakini siku alipoenda jando, baba mdogo ndiye aliyesimama naye kama baba yake. Mimi nilipika ugali na nyama, nikabeba chakula mpaka njiani, nikasimamishwa hapo. Kijana mmoja akanipokea sufuria, akaniambia, "Dada, mwisho wako hapa."

Niliutii mpaka huo kwa miaka kumi. Mwili wa Ntandu ukawa ni mambo ya baba mdogo. Hata akiumwa malaria nilikuwa namshika paji la uso tu.

Turudi siku ile.

Kwenye saa tano nilimpelekea uji. Nikamkuta amejikunja, ameelekea ukutani, ameuma blanketi kwa meno.

"Linauma sehemu gani hilo tumbo?"

"Dada, niitie Shaabani."

Shaabani akaingia. Hakukaa hata dakika tano, akatoka, akawa anaongea na mimi huku anatazama chini.

"Dada, siyo tumbo. Ni kule... kwetu wanaume. Upande mmoja, pamevimba. Mimi naona nimpakie sasa hivi twende mjini."

Wakuu, ni hapa. Ningeweza kurudishiwa dakika moja ya maisha yangu, ningeichukua hii.

Nilimwambia, "Subiri kwanza, nimpigie baba mdogo."

"Dada, anaumia sana."

"Nimekusikia, Shaabani. Tukifika kule nikiulizwa anaumwa wapi, nitasema nini mbele za watu?"

Shaabani ni kijana mwenye heshima. Akaenda kukaa juu ya pikipiki yake.

Baba mdogo akapokea. Nyuma yake ng'ombe wanalia, watu wanapiga kelele za bei. Nikamwambia Ntandu anaumwa huko kwa wanaume. Akasema, "Hiyo ni ngiri. Hata marehemu kaka alikuwa nayo, inakuja inaondoka. Msimguse, na msimpeleke popote. Nikimaliza hapa nakuja."

Nilipopiga tena simu haikupatikana.

Mama Ester aliniuliza, "Mwanangu, na kama siyo ngiri?"

"Baba mdogo anakuja."

"Haya."

Najua kuna atakayeuliza kwa nini Ntandu hakupanda pikipiki mwenyewe, ni mtu mzima. Nami nilijiuliza. Lakini kijana niliyemlea mimi asingetoka nyumbani kwangu baada ya mimi kusema subiri. Nilimfundisha utii, akaushika.

Kwa hiyo tukasubiri. Na wakati tunasubiri, tuliendelea kupiga alizeti. Nilikuwa naipiga kwa nguvu ili nisimsikie.

Baba mdogo alifika saa tisa alasiri. Aliingia chumbani na fimbo yake ya mnadani mkononi. Alipotoka hakuwa nayo.

"Shaabani! Washa pikipiki!"

Wakapanda watatu, Ntandu katikati, baba mdogo nyuma amemkumbatia asidondoke. Mimi nikapata boda nyingine barabarani.

Sasa sikilizeni hili. Daktari aliyempokea hospitali mjini alikuwa mwanamke. Binti mdogo, labda rika langu, nywele amezibana kwa mpira. Alivuta pazia, akamwangalia Ntandu, akampima, wala hakubadilika uso. Akatoka akaniuliza mimi, maana baba mdogo alikuwa ametazama dirishani.

"Maumivu yalianza saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Ya asubuhi?"

"Ndiyo."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imeshapita saa kumi.

"Mlikuwa wapi, dada?"

"Nyumbani."

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alichukua karatasi, akanichorea.

Nawaandikia alichonieleza, kwa sababu mada ya uzazi shuleni iko form three na mimi sikufika huko. Kama na wewe hukufika, soma.

Korodani ni mbili. Zinakaa kwenye mfuko wa ngozi nje ya mwili, kwa sababu mbegu za kiume zinahitaji ubaridi zaidi kidogo kuliko ndani ya tumbo. Hapo ndipo mbegu zinatengenezwa. Hapo hapo pia ndipo unatoka ule uwezo unaomfanya kijana aote ndevu, abadilike sauti, apate misuli. Nyuma ya kila korodani kuna mrija uliojikunja ambamo mbegu zinakomaa, halafu zinapanda kwa mrija mwingine mpaka ndani, zinakutana na majimaji ya tezi, ndipo zinatoka.

Na kila korodani inaning'inia kwenye kamba yake. Ndani ya kamba hiyo mna ule mrija na mishipa ya damu.

"Umewahi kuchota maji kisimani?" daktari akaniuliza.

"Kila siku."

"Ndoo ikizunguka, kamba inajisokota. Ndicho kilichotokea. Kamba imejisokota, damu haipiti."

Akasema huwa inawapata sana vijana, inaanza ghafla, na wengine inaanza kama tumbo na kutapika. Akasema wakiwahishwa, ndani ya kama saa sita, mara nyingi korodani inapona. Kila saa inayozidi, tumaini linapungua.

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia kuhesabu. Saa tano, Shaabani aliposema nimpakie, tulikuwa bado tuna muda.

Ntandu alisaini mwenyewe. Wakampeleka theatre. Ya kushoto ilikuwa imekufa, wakaitoa. Ya kulia wakaishonea ndani ili nayo isije kujisokota. Daktari alituambia moja inatosha, ataoa, atapata watoto, sauti yake itabaki ile ile.

Sauti imebaki ile ile. Ila nami hazungumzi kama zamani.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa natafuta shuka safi kwenye sanduku lake, nikakuta daftari lake la Biology. Kuna ukurasa amechora kwa penseli viungo vya uzazi vya mwanaume. Mishale imenyooka, majina yote ya Kiingereza. Mwalimu amempa alama ya vema kwa wino mwekundu. Nikamwita Salome anisomee. Akasoma kwa sauti ya chini, akaniacha na daftari.

Kwa hiyo mtu aliyejua yale yote alikuwemo ndani ya nyumba. Alikuwa amelala anauma blanketi. Shule ilimpa majina ya kujibia mtihani. Mimi sikumpa hata neno moja la kuniambia dada, naumwa hapa.

Wiki ya pili nilimpelekea chakula. Alikuwa amekaa kitandani, ametazama mlango. Akaniuliza swali, taratibu, bila hasira.

"Dada, mama angekuwepo, angeangalia?"

Nikaweka sahani. Nikamwambia, "Kula, ugali unapoa."

Mwezi uliofuata aliondoka na watu wanaoenda kurina asali upande wa Rungwa. Hajarudi tangu hapo. Shaabani anasema anafanya kazi vizuri, ana mizinga yake mwenyewe. Baba mdogo akija nyumbani haulizi habari zake. Anakaa kwenye kigoda, anakunywa maji, anaondoka.

Wakuu, nilichojifunza nakisema wazi. Kijana wako akishikwa na maumivu ya ghafla ya korodani, au tumbo la chini linaloambatana na kutapika, usimsubiri mtu yeyote. Usiite ngiri kabla daktari hajaita. Na ninyi dada mnaolea wadogo zenu wa kiume, waambieni mapema, wakiwa bado wazima, kwamba mlango wenu hauna mpaka kwenye ugonjwa. Mtaona haya dakika mbili, basi.

Kama yamewahi kuwapata, andikeni hapa chini mlivyofanya. Madaktari mliomo humu, nilipokosea kueleza nisahihisheni. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma yote.

Jumapili Ntandu huwa anapanda sehemu yenye network anapiga simu. Anaongea na Salome, wanacheka. Halafu Salome ananipa simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Halafu nasikia upepo wa huko aliko.

Jibu ninalo. Mama angeangalia. Angemfunua pale pale, angempakia kwenye pikipiki kabla Shaabani hajamaliza kusema. Jumapili zimepita nyingi, na jibu lake bado ananidai.