Kaseti ya Doreen ilivyokwenda Mpwapwa

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kwenye kompyuta ya maktaba hapa Toronto na nyuma yangu kuna foleni, kwa hiyo sitapamba. Ninachosimulia ni kweli tupu, hata pale kinaponiaibisha. Kinaniaibisha karibu kote.

Nilimaliza chuo hapa Canada mwaka juzi. Sosholojia, msicheke. Kazi niliyopata ni kubandika lebo kwenye maboksi katika ghala moja Malton, jirani na uwanja wa ndege. Naishi St. James Town, ghorofa ya kumi na saba, kwa Shangazi Eliza, dada yake baba. Toka pale hadi ghalani ni treni na mabasi mawili, na njia nzima mimi nawaza tu.

Mwaka jana nilikuwa nawaza punk.

Kwa wasioijua, ni muziki wa magitaa yenye makelele ulioanza miaka ya sabini, wa vijana waliosema si lazima ujue kupiga ndipo upige. Sasa miaka ishirini imepita, bendi mpya zinauza CD kama njugu, na kwenye magazeti ya muziki kuna ugomvi usioisha: nani alikuwa punk wa kweli na nani feki. Mimi mtoto wa Dodoma ugomvi ule niliuingia mzimamzima. Nilikuwa na daftari kabisa. Orijino ukurasa huu, feki ukurasa ule.

(Nadhani niliupenda kwa sababu mimi mwenyewe sijui niko ukurasa gani. Tuyaache hayo.)

Pale ghalani kuna mama mmoja, Doreen, mzungu wa hapahapa, miaka arobaini na kitu. Yeye hufunga maboksi, mimi nabandika lebo. Huniita Profesa. Siku moja wakati wa chai nikawa namhutubia juu ya bendi moja ya hapa mjini, ya mwanzo kabisa, nikamwambia wale ndio orijino wenyewe.

Akatafuna mkate wake mpaka ukaisha.

"Profesa," akasema, "mwimbaji wa kwanza wa bendi hiyo ni mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Aliimba nao miezi michache, kabla hawajarekodi chochote. Kisha wakamtoa, wakaweka mwanaume, ndipo wakajulikana. Sasa kampuni moja ilikuwa inatoa CD ya historia ya bendi, na ndani yake kijitabu. Doreen akawaandikia. Wanaume wa bendi wakasema hawamkumbuki kama mwimbaji, alikuwa demu wa mpiga drums tu, akija kutazama mazoezi. Kampuni ikamjibu: leta ushahidi ndani ya wiki sita.

Ushahidi alikuwa nao. Kaseti ya show yao ya kwanza, iliyopigwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu. Hakuna nyingine duniani.

"Sitaki hela yao," aliniambia. "Nataka jina langu liandikwe. Hata kwa herufi za sisimizi."

Nikajitolea. Nikamwambia nitatoa kopi, maana Shangazi ana redio yenye milango miwili ya kaseti, na barua nitaichapa mimi. Kesho yake akaniletea kaseti imefungwa ndani ya soksi ya sufu. Haikuwa na maandishi, na vile vipande viwili vya juu vilikuwa vimevunjwa ili isirekodiwe tena.

Hapa ndipo akili yangu iliponiponza.

Redio ya Shangazi mlango mmoja una tabia ya kumeza kaseti. Nikawaza, ikimezwa je? Nikawaza, kaseti ya miaka ishirini kila ukiicheza inachakaa, kwa nini niicheze kwenye redio mbovu? Bora nimsubiri jamaa yangu mwenye mashine nzuri arudi safari. Na nikawaza jingine ambalo sikumwambia mtu: nikiisikiliza nikute Doreen alikuwa hajui kuimba, nitamwandika ukurasa gani?

Basi nikaiweka kwenye droo ya sebuleni. Wiki tatu. Sikuisikiliza hata dakika moja.

Jamaa aliporudi nikafungua droo. Nikakuta soksi tupu.

"Shangazi, kaseti iliyokuwa humu iko wapi?"

"Ipi? Ile ya makelele?" Alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua kichwa. "Nimempelekea bibi yako salamu. Mama Neema si amesafiri kwenda nyumbani Jumapili?"

Mnaijua barua ya kaseti, sihitaji kueleza. Bibi yuko Mpwapwa, hasomi, na simu ni mpaka aende misheni. Kwa hiyo Shangazi huzungumza kwenye kaseti, mtu anayesafiri anabeba. Na kila aliyekulia nyumbani anajua kwamba vipande vya juu vikivunjika unabandika selotepu, kaseti inashika sauti kama mpya.

"Shangazi, ile ilikuwa amana ya watu!"

"Amana ndani ya soksi? Nilisikiliza kidogo, nikajua imeharibika. Watu wanapiga mabati."

"Kulikuwa na mwanamke anaimba?"

"Kulikuwa na mtu analia."

"Mwanamke au mwanaume?"

"Nitajuaje, baba? Anayelia ni anayelia."

Nilipiga simu misheni siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikampata Bibi. Alifurahi mno kunisikia. Akasema kaseti imefika na majibu ameshaweka, pande zote mbili, mpaka imejikata yenyewe, maana ana mengi.

Nilimwambia Doreen kesho yake, tukiwa tumesimama kwenye mstari wa maboksi. Aliendelea kufunga boksi alilokuwa nalo. Akafunga na la pili.

"Sasa kuna nini ndani yake?" akauliza.

"Bibi yangu."

"Anasema nini?"

"Anasalimia ukoo mzima, mmoja mmoja."

Akacheka kidogo puani, akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka msimamizi alipomwita.

CD ilitoka. Niliinunua mimi, nikampelekea wakati wa chai, sijui kwa nini. Huenda nilitaka anitukane. Alipekua kijitabu taratibu toka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia. Jina lake halimo. Waliandika kwamba bendi ilianza na yule mwanaume.

Akakifunga, akanirudishia.

"Basi tumebaki wawili, Profesa. Wale wameamua kusahau. Lakini wewe uliisikia." Akawa anafuta mikono yake kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Niambie ukweli. Nilikuwa naweza?"

Wakuu, nilikuwa na nafasi. Nusu dakika nzima.

"Ulikuwa unaweza sana," nikasema.

"Wimbo gani ulikugusa?"

"Ule wa mwisho."

Akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu.

"Hata mimi," akasema. Kengele ikalia, tukarudi kazini.

Tangu siku hiyo sijui. Labda kweli wimbo wa mwisho ulikuwa mzuri. Labda huo wa mwisho hakuuimba yeye kabisa, akajua nadanganya, akanihurumia. Nimekugeuza kule kuniangalia kwake kila upande, ndani ya mabasi yote ya Malton, sijapata jibu.

Daftari nimelitupa. Nilichojifunza ni kidogo tu: mtu akikupa sauti yake, isikilize siku hiyohiyo, hata kwenye redio mbovu. Kuisubirisha mpaka upate mashine nzuri si heshima. Ni woga.

Shangazi bado haelewi kosa lake, na nadhani hana kosa.

Sasa naomba ushauri kwa waliowahi kuharibu amana ya mtu. Ijumaa ijayo ni siku ya mwisho ya Doreen ghalani, anahamia kwa dada yake, mkoa wa mbali. Nimwambie kwamba sikuisikiliza? Au nimwachie huyo shahidi wake mmoja, ingawa ni wa uongo?