Kompyuta Niliyoivundika Kama Ndizi

Mwanangu, siku ile kompyuta ilipozima mbele yangu naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Wewe unayesema umri umekwenda na digrii huna, kaa nikusimulie.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimevuka arobaini, fundi baiskeli hapa Nyakasimbi, darasa la saba basi. Ofisi ya wakulima wa kahawa ikaleta kompyuta na kutafuta mtu wa kuitunza. Nikaomba. Wenzangu walinicheka, mama yako akanuna, lakini ile mashine nilikuwa nimeipenda tangu inashushwa kwenye gari. Nikapewa mwezi wa majaribio chini ya Jeneroza, binti aliyesomea Mwanza, mdogo kuliko dada yako. Kila asubuhi, "Shikamoo baba," na nikishaitikia marahaba tu, ananituma kama mtoto wake.

Kumuuliza neno niliona ni kujishusha. Siku moja akatoka, akaniachia mashine inafanya kazi. Vumbi la barabarani linaingia dirishani, na baridi ya asubuhi za kwetu unaijua. Nikaionea huruma. Nikaifunika majani makavu ya migomba, juu nikaizungushia blanketi, nikakaa pembeni nimeridhika kabisa. Baada ya muda ikaanza kunuka, kisha ikazima.

Jeneroza alirudi akasimama mlangoni. "Baba, hii ni kompyuta au ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi? Mbona umeivundika?"

Ofisi nzima ilicheka. Niliona aibu, mwanangu! Nikapanda baiskeli hadi nyumbani, nikatangaza kwamba sirudi tena. Bibi yako alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa.

"Baiskeli nani alikufundisha?"

"Yule kijana Mrundi, mama, kibarua wa jirani."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kila kitu."

"Mawe, mama yangu we! Sasa huyu binti ana kosa gani? Sketi?"

Kesho yake nikarudi na kumwambia Jeneroza, "Mwalimu, kwa nini ilizima?" Akachukua bisibisi, akafungua sanduku, akanionyesha feni ndogo iliyojaa nyuzi za blanketi langu. "Inapumulia hapa, baba." Nikaisafisha kwa mkono wangu, ikawaka, nusura nipige vigelegele.

Mwezi ulipoisha nikapewa kazi rasmi, na kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha ninyi. Mpaka nastaafu, ofisi yoyote ikiniita na kusema mashine imegoma, swali langu la kwanza lilikuwa, "Mmeifunika na nini?"

Basi, mwanangu, cheti ukikipata ni vizuri. Usipokipata, nenda hivyo hivyo, na anayejua muulize, hata kama ulimbeba mgongoni akiwa mchanga. Wakikucheka, cheka nao, kisha urudi kesho yake. Mungu akubariki, akupe mwalimu mwenye subira kama wangu. Na blanketi, tafadhali, liache kitandani.