Bi Mkunjo na Chupa za Namba Tatu

Kazini walimwita Bi Mkunjo, kwa sababu kila chupa asiyoiamini aliikunja. Alianza kusimama kwenye meza ya kuchambua plastiki nywele zake zikiwa bado nyeusi, na siku hizi maumivu ya mgongo ndiyo yanayomwamsha. Chupa za maji, namba moja, kapu hili. Madumu na chupa za sabuni, namba mbili, kapu lile. Adui yake alikuwa namba tatu, plastiki ya aina nyingine. Inang'aa kama chupa ya maji, kwenye tangi la kuoshea inazama kama chupa ya maji, lakini ikiingia kwenye mashine ya kuyeyusha inaungua na kuharibu kila kitu. Dawa yake ni kuikunja. Ikiacha mstari mweupe, weka pembeni.

Upande wa pili wa meza alisimama wifi yake, mjane wa kaka yake. Bi Mkunjo ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na wifi hakuwahi kumsamehe hisani hiyo.

Asubuhi moja mashine ilitoa moshi wa kuwasha macho. Badala ya plastiki safi likatoka bonge la kahawia lenye madoa meusi. Kazi ya wiki nzima, basi tena. Msimamizi akaja mezani, hana hata nguvu za kufoka.

"Jamani, nani kapitisha namba tatu?"

Kisha akarudi kwenye mashine. Bi Mkunjo akamtazama wifi yake. Wifi aliokota chupa, akaisogeza mpaka karibu na pua, kisha akaitupa kwenye kapu lisilo lake.

"Wifi, unaona kweli?"

"Mimi si kipofu."

"Sijasema kipofu. Unaona?"

Wifi akasugua macho. "Ni ukungu tu. Zamani ulikuwa unaondoka. Sasa ukimwambia huyo bwana, mimi niende wapi?"

Bi Mkunjo angependa kukasirika, ila hasira nayo inataka nguvu. Alimfuata msimamizi, akamweleza ukweli: macho ya wifi hayafai kwa chupa, lakini vidole vyake vizima. Apewe mifuko ya plastiki aichambue. Ile laini inayovutika huku, karatasi za biskuti zinazopiga kelele kule.

"Na chupa zake atachambua nani?"

"Mimi," akasema, akajuta kabla hajafunga mdomo.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, anatibika, lakini foleni ya upasuaji ni ndefu. Kwa hiyo wanangoja. Bi Mkunjo anafanya kazi ya watu wawili, na wifi, kule kwenye magunia, analalamika kwamba mifuko inanuka.

Asante hajasema mpaka leo. Ila jioni moja, wakijiandaa kuondoka, alimsikia Bi Mkunjo akiguna akijaribu kufikia viatu vyake.

"Hebu kaa," wifi akamwambia, akapiga magoti na kupapasa kamba. "Lete mguu."

Bi Mkunjo akakaa, akanyoosha mguu.