Laptop Iliyozimika Koboko Tu

Ocokoru hapendi kusikia mtu akisema "kupiga Windows." Mteja akifika kwenye meza yake ya ufundi pale Oli, ukingoni mwa mji wa Arua, akasema, "Madam, nipigie Windows," Ocokoru huvua miwani kwanza.

"Nani amekuambia mashine yako inataka kupigwa?"

Wengine hucheka. Wengine hubeba kompyuta zao wakaenda kwa fundi mwingine, naye huwaacha waende.

Kupiga Windows ni kufuta kilichomo katika kompyuta na kuanza upya. Kuna siku hiyo ndiyo dawa. Lakini mjini kwetu kumekuwa jibu la kila swali. Sauti haitoki, piga Windows. Intaneti inasuasua, piga Windows. Fundi hafikiri, mteja haoni kilichofanyika, na wiki ya pili ugonjwa unarudi. Huo ni uvivu, na uvivu unaotoza watu ni wizi.

Ocokoru ana miaka arobaini na sita. Ufundi aliuanza kijijini Aroi, kwenye redio za betri za baba yake, mzee aliyemkataza kushika bisibisi kabla hajaandika kosa kwenye karatasi. Mpaka leo anaandika. Jambo moja tu hakuwahi kulifanya: kumfuata mteja nyumbani. Mafundi wa Arua hawana desturi hiyo. Mashine huletwa kwa fundi kama mgonjwa anavyopelekwa zahanati, na aliyeileta huambiwa arudi jioni.

Jumanne moja alikuja Kiden, mwanamke wa mji wa Koboko, kaskazini mwa Arua, anayepiga video za harusi na mazishi. Alikumbatia laptop ya gemu, nene, yenye vitufe vinavyowaka rangi nyekundu na buluu. Hachezi gemu. Aliinunua kwa sababu kadi yake ya picha ina nguvu, na kadi ya namna hiyo ndiyo inayosukuma kazi ya kuunganisha video.

"Nikianza kufanya kazi, dakika kumi, kumi na tano, skrini inakuwa nyeusi," alisema. "Ikirudi inaandika kwamba draiva ya picha imeacha kujibu. Programu yangu inafungika, kazi yote inapotea."

"Kazi gani?"

Kiden aliilaza laptop mezani. "Mazishi ya mama yangu."

Mama alizikwa mwezi uliopita. Tongun, ndugu yake Kiden na mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu, alikuwa Juba na hakuweza kufika. Sasa anakuja. Jumamosi kuna ibada ya kumkumbuka marehemu, na baada ya ibada ndugu wote watatazama filamu. Picha za mazishi ziko kwenye laptop hiyo tu, kwa sababu kadi za kamera Kiden alikwisha kuzitumia tena kurekodi harusi mbili.

"Nilipeleka kwa fundi Alionzi pale mjini," aliendelea. "Amepiga Windows mara mbili. Mara ya tatu alitaka kufuta diski yote, hata sehemu ya video. Nikamnyang'anya."

Ocokoru alichukua simu palepale, mbele ya mteja, akampigia Alionzi.

"Hii laptop ya Kiden, uliangalia nini?"

"Mama, hiyo draiva tu. Mbovu. Piga upya, itakaa."

"Mashine inaandika yenyewe kila kosa na saa yake. Ulisoma?"

"Si imefutika nilipopiga Windows?"

"Kwa hiyo umefuta ushahidi, halafu unatoa hukumu! Mara mbili! Na mara ya tatu ulitaka kumzika mama ya watu tena!"

"Eh, Mama Polisi!" Alionzi alicheka. "Wewe tengeneza, tuone."

Ocokoru alitengeneza siku nzima ya Jumatano. Kwanza alinakili video zote kwenye diski ya pembeni, jambo ambalo fundi wa kwanza angelifanya kama angekuwa na adabu. Akafungua mashine, akapuliza vumbi kwenye feni, akapaka dawa mpya ya kupoza kadi. Akaiondoa draiva, programu inayoiendesha kadi ya picha, mpaka mabaki yake, akaweka ile iliyotolewa kwa ajili ya laptop hiyo hasa. Kisha akaipa kazi nzito ya video kwa saa nne, akikaa kando yake na karatasi. Joto lilipanda, likafika mahali, likatulia. Skrini haikuzima hata mara moja.

Kiden alipokuja jioni, Ocokoru hakutabasamu.

"Hapa haikuzima. Lakini sijaona kosa. Nikisema nimeponyesha nitakuwa mwongo. Chukua diski hii, ina video zako. Laptop ikizima, usiguse kitu. Nipigie."

Alhamisi saa tano asubuhi simu ililia.

"Imekufa tena!" Kiden alikuwa akipiga kelele. "Mara sita! Ninyi mafundi wa Arua mko mutu moja! Mnakula watu tu! Kesho kutwa Tongun anafika, nitamwonyesha nini? Kaburi?"

Hakuna aliyewahi kumwambia Ocokoru kwamba anakula watu. Lakini alimwelekeza Kiden kufungua mahali mashine inapoandika makosa, amsomee saa moja baada ya nyingine. Alhamisi asubuhi, mara nne. Jumatano usiku, mara mbili, baada ya kufika nyumbani. Saa zote nne za Oli, hakuna.

Basi ugonjwa ulikuwa unakaa Koboko.

Alifunga meza yake na kutia kipima umeme kwenye mkoba. Ritah, anayeuza vifuniko vya simu jirani yake, alishangaa.

"Mama, unakwenda wapi? Fundi anafuata mashini? Watasema njaa imekushika."

"Waseme."

Kabla ya saa nane alikuwa amefika kwa Kiden. Mlangoni alipokewa na Night Poni, mdogo wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alimkaribisha kiti na chai. Ocokoru aliishika chai bila kuinywa, akaenda moja kwa moja kwenye soketi. Umeme ulikuwa sawa. Chaja sawa. Ndipo alipogeuka kuangalia meza.

Sebule hiyo ilivaa vizuri kuliko wenyewe. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma. Televisheni ilikuwa na chake, redio chake, hata chupa ya chai. Na mezani laptop ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili, kimekazwa kwa uji wa muhogo mpaka kimekuwa kigumu kama karatasi. Matundu ya laptop hiyo ya kuvuta hewa yako chini, tumboni. Ocokoru aliinyanyua. Tumbo lilichoma vidole.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi," alisema Night Poni. "Kitu ya maana haikai kwa mbao utupu. Kwako wewe inakaa utupu?"

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi. Marehemu alifuma yeye mwenyewe, hii ndiyo ya mwisho. Mtoto anafanya kazi ya mama yake, nikasema basi mama akae chini yake, amshike."

Ocokoru alikivuta kitambaa kwa hasira. Kiden alimpiga kofi mkononi.

"Usikivute hivyo! Cha mama hicho!"

Walisimama watatu, kitambaa kimening'inia kati ya wawili. Ocokoru ndiye aliyeachilia kwanza. Hasira yake haikwisha, ila sasa ilikuwa imempata mwenye kosa: yeye mwenyewe.

"Siku nzima nimeiuliza mashine," alisema. "Draiva, joto, feni, umeme. Wewe sikukuuliza inakaa juu ya nini. Nimemtukana Alionzi kwa kutosoma, na mimi sikuuliza. Nisamehe. Na kwa kuvuta, nisamehe."

"Unataka kusema kitambaa kinaua kompyuta?" Night Poni alifoka. "Televisheni iko nacho mwaka wa saba!"

"Televisheni inapumulia mgongoni, mama. Hii inapumulia tumboni. Sitaki uniamini. Kaa uone."

Aliweka laptop juu ya mbao tupu, akamwambia Kiden afanye kazi yake. Robo saa ikapita. Nusu saa. Saa nzima, na skrini bado inawaka. Kisha akaomba kitambaa, akakikunja vilevile, akailaza mashine juu yake. Joto likaanza kupanda, likapita pale lilipotulia Oli. Feni ikapiga kelele. Dakika ya kumi na mbili skrini ikawa nyeusi, na iliporudi ilikuwa na yale maneno yaleyale ya draiva.

Night Poni aliinyanyua laptop. Alikitoa kitambaa kwa mikono yake miwili, akakikunjua, akakitandika kwenye mgongo wa kiti cha Kiden.

"Basi amshike kwa nyuma," alisema.

Njiani kurudi Arua, Ocokoru alimpigia Alionzi na kumweleza. Alionzi alicheka mpaka akakohoa.

"Kitambaa! Mama Polisi umepanda gari mpaka Koboko kukamata kitambaa!"

"Cheka. Kwa ajili ya kitambaa hicho ungefuta mazishi ya mtu. Jumamosi saa nane tunatazama filamu. Njoo useme mbele ya ndugu zake kwamba ulitaka kuifuta. Ukiona aibu, hiyo aibu ndiyo malipo yako."

Alionzi hakuja, na Ocokoru hakushangaa. Mtu anayefuta makosa ya mashine bila kuyasoma hawezi kuyakabili ya kwake.

Jumamosi wote walikaa uani baada ya ibada. Tongun aliketi mbele kabisa, suruali bado ina vumbi la safari. Filamu ilipofika mahali jeneza linapotoka mlangoni, aliinamisha kichwa, kisha akakiinua na kulazimisha macho yake kutazama. Kiden alikuwa nyuma yake.

Ocokoru hakutazama filamu. Alisimama kando ya meza isiyo na kitambaa, kiganja mbele ya tundu la feni ya laptop, dakika zote arobaini na moja, mpaka udongo wa mwisho uliporudishwa kaburini. Hewa ilitoka ya moto, bila kukatika.