Neno Lenye J na Q

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Pasiansi wanasema wakiniona stendi wanajua kuna msiba. Cherehani iko uwani, chai iko jikoni, ziwa naliona kwa juu ya ukuta wa jirani. Sasa niende wapi? Maisha yalikuwa matamu hivyo mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Bukoba kutibiwa goti, na mke wangu akaendelea kwenda kazini kama kawaida.

Kwetu Misungwi mama mkwe hatazamwi usoni wala hapigiwi soga, na kwao nako adabu ni hiyohiyo. Basi mchana kutwa nyumba ilikuwa na watu wawili wanaokwepana: yeye sebuleni na goti lake juu ya stuli, mimi uwani na sare za shule, katikati yetu pazia. Asubuhi "shikamoo mama," "marahaba baba," tumemaliza. Siku ya tatu akamwambia binti yake kwamba nyumba imemchosha, anarudi na meli ya Alhamisi. Kliniki ya Ijumaa ingesubiri.

Mke wangu alinifuata jikoni. "Goti halijapona. Akipanda meli hiyo, umemfukuza wewe na huo ububu wako."

"Nifanyeje? Nimtanie mkwe?"

"Utajua mwenyewe. Si ulijisifu kwa baba zangu kwamba umemaliza fomu foo?"

Mama mkwe alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu. Kesho yake, Jumanne, nilimsikia nyuma ya pazia akihangaika na mchezo wa maneno kwenye simu. "K na W," anajisemea. "K na W..."

Mdomo ukanitoroka. "Knowledge, mama."

Nikajua nimevunja ndoa. Kisha sauti ya darasani ikaja: "Ni refu, lakini lipo. Haya, nipe lenye Q na M."

Nilitafuta kichwani mwangu mila inayomkataza mkwe kujibu swali la mwalimu. Sikuiona.

Niseme ukweli: Kiingereza changu nilikiacha shuleni pamoja na dawati. Ila ua wangu umejaa Kiingereza cha bure. Chandarua kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa, na lebo yake inaning'inia. "Mosquito, mama."

"Vizuri sana!"

Tangu hapo sikushona, niliwinda. Nilisoma chupa ya dawa ya kikohozi, mgongo wa friji, hata kopo la rangi lililopandwa kitunguu. Alipotaka V na T nilichungulia kamba ya jirani, mama mmoja mwenye fulana za mitumba za kila namna.

"Jirani, unatafuta nini kwenye nguo zangu?"

"Herufi V."

"Leo kaugua," akaliambia beseni lake. Lakini fulana ya njano iliandikwa volunteer, nikaondoka nayo kichwani. Mara moja tu niliteleza, nikasoma jina la kwenye pakiti. "Hiyo ni sabuni, baba," mama akasema. "Nimeomba neno."

Pamoja na yote, Alhamisi asubuhi begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Na mimi makopo yalikuwa yameniishia. Nikasogea karibu na pazia, macho chini.

"Mama, kabla hujaondoka, na mimi nina swali. Neno lenye J na Q."

Nilizitaja kwa sababu sikuwahi kuziona zimekaa pamoja popote, hata kwenye ndoo.

"Lipo?"

Nilikanyaga pedali, cherehani ikanijibia.

Akaomba kamusi. Niliiazima kwa jirani yuleyule wa fulana, ambaye alinipa kama anayempa mgonjwa maji. Mchana mke wangu alipiga simu. "Mama ameshatoka?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwenye JE."

Meli ikaondoka. Ijumaa alikwenda kliniki na binti yake, kamusi kwapani. Daktari akasema wiki mbili zaidi, goti lisitembezwe. Mke wangu alirudi akicheka mpaka anashika ukuta: "Unajua mama kamjibu nini? 'Sawa daktari, hata hivyo Q sijaigusa.'"

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilishona mguu wa suruali ya mtoto wa watu ukazibika kabisa. Mzee wa watu anamaliza macho kwa ajili ya neno nililolitunga kwa hofu! Jumamosi mke wangu alikwenda sokoni, na niliposikia mama anakoroma, nilipenyeza mkono chini ya pazia, nikavuta kamusi, nikakaa chini kando ya cherehani na kuanza kupitisha kidole kwenye kurasa za J.

"Umefika wapi?" pazia likauliza.

Kukoroma kulikuwa kumekoma. Sina hakika kama kulikuwapo.

"Mama, nisamehe. Jibu silijui. Sijui hata kama lipo."

"Hilo nililijua Alhamisi, begi likiwa mlangoni. Nimeuliza umefika wapi."

"JI, mama."

"Dakika tano, JI? Hapo umeruka. Rudi JA. Na usome kwa sauti, maana matamshi yako yamenisumbua wiki nzima."

Nikarudi JA. Nikasoma kwa sauti, naye akanisahihisha karibu kila neno, na sare za watoto zikalala mezani.