Marehemu na Walinzi wa Daraja Wasiokubali Kulala

Saa tatu asubuhi, Marehemu anakufa tena.

Anaanguka kifudifudi kwenye daraja la mawe, upanga unamponyoka, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi. Anapiga funda la chai, anabonyeza kitufe, anafufuka, anarudi pale pale kupigwa. Kidole gumba chake cha kulia kimefungwa kitambaa cha jikoni, kikazungushiwa utepe wa gundi hadi kimekuwa kinene kama kizibo.

"Hawa watu hawana kwao?" anauliza, akiwanyooshea kidole walinzi watatu wa udongo waliopanga mstari mbele yake. "Hawana wake? Hawana watoto wa kuwapeleka shule? Kila nikija wapo!"

Marehemu ndilo jina analoitwa na wenzake katika ofisi hii yenye vyumba viwili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Ameajiriwa kuijaribu michezo ya kompyuta kabla haijauzwa. Anatafuta ukuta unaopitika, adui anayepiga bila mkono, shimo lisilo na mwisho. Ili ayapate yote hayo, sharti afe kwa kila njia: azame, aungue, aporomoke, akatwe.

Jina hilo lina hasara zake. Siku moja mleta maji ya kunywa alikuwa mlangoni aliposikia mtu akipaza sauti ndani, "Marehemu, leta kikombe chako!" Alitua dumu pale pale kizingitini akashuka ngazi bila kudai dumu tupu.

Kwa kawaida kisa hicho humchekesha. Wiki hii hacheki. Mchezo unatoka Ijumaa, leo ni Jumatano, na daraja hili limemnyang'anya baba yake kitu ambacho dawa zilikuwa hazijakirudisha.

Mwaka jana baba yake, fundi rangi aliyepaka nusu ya nyumba za mtaa wao, alipata kiharusi. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, "na ukali wake wote," anasema mkewe, mama yake Marehemu. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kubinya kila siku. Mzee aliutazama kama mtu aliyepewa chuchu ya mpira ya mtoto mchanga.

"Mimi nimeshika brashi tangu ujana wangu," alisema. "Leo nipewe mpira?"

Mpira ukakutwa chini ya kabati, umevaa utando wa buibui. Mkono wenyewe ukahamia mfukoni.

Kilichoutoa mfukoni ni kazi ya binti yake, huyu Marehemu. Mapema mwaka huu alianza kubeba kompyuta kwenda nayo nyumbani. Jioni moja mzee akasogeza kiti.

"Huyo anayepigwa ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na unakubali? Hebu nipe hicho kidude."

Kwenye kidhibiti, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, kitufe cha kupiga upanga kiko chini ya kidole gumba cha kulia. Mzee hakuwa na habari kwamba anafanya mazoezi. Alijua tu kwamba kuna mjinga wa udongo anamchapa, na heshima yake inataka ajibu. Wiki zikapita, kidole kikaanza kutii. Siku moja alifunga kifungo cha shati mwenyewe, na mkewe akaingia jikoni, akakaa huko kitambo.

Kisha mzee akafika darajani.

Kwa asiyecheza michezo hii, mambo yenyewe ni haya. Juu ya kioo kuna mstari mwekundu ambao wachezaji huuita damu. Ukipigwa, damu inapungua, ikiisha, umekufa. Kando ya daraja kuna kisima. Ukinywa maji yake, damu inajaa, lakini maadui wote uliowaangusha wanafufuka. Ndiyo bei ya kupumzika. Na hawa watatu wa darajani wana la ziada: ukimwangusha mmoja, baada ya muda mfupi anainuka mwenyewe, mzima kama hajaguswa. Ili upite, lazima wote watatu wawe chini kwa pamoja.

Mzee aliangusha wa kwanza. Akaangusha wa pili. Alipomgeukia wa tatu, wa kwanza alikuwa amesimama nyuma yake. Akakimbilia kisimani, akanywa, wakasimama wote. Akarudia, na jioni ya pili akarudia, na wiki nzima ikaisha hivyo.

Jumapili akazungusha waya kwenye kidhibiti, akakitia ndani ya boksi lake. "Warudishie wenyewe," alisema. Mkono ukarudi mfukoni.

Mama yake Marehemu, aliyekuwa akilalamikia kelele za panga, sasa analalamikia ukimya. "Afadhali alipokuwa anautukana udongo," anasema. "Sasa analitazama pazia."

Hapo Marehemu alijiuliza kosa limepita wapi, kwa sababu daraja hilo alilijaribu yeye na kulipitisha. Jibu lilimwudhi. Wajaribu michezo wana desturi yao: ili kazi iende haraka, hujiwekea damu isiyoisha. Kisima cha daraja hakuwahi kukihitaji hata mara moja. Juu ya hayo, vidole vya watu wote wa ofisini ni vyepesi kama vya mshonaji. Watatu hao huwalaza kabla ya mwingine kupiga chafya.

"Tulipima muda wa kufufuka kwa vidole vyetu wenyewe," anasema, akikirekebisha kitambaa. "Hakuna aliyeuliza, je, mwenye kidole kizito?"

Kwa hiyo amekifunga kidole chake, ameiondoa damu isiyoisha, na tangu asubuhi anakufa kweli kweli.

Anayepaswa kuliona hilo ameketi meza ya pili. Wenzake wanamwita Hakimu, kwa kuwa ndiye anayeamua pigo lipunguze damu kiasi gani na aliyeanguka ainuke lini. Ni mpole, ana sauti ya chini, na hasogei.

"Kaka Hakimu, waongezee usingizi kidogo tu."

"Dada, nikiwaongezea usingizi, mwenye vidole vyepesi naye atasinzia. Daraja litakuwa barabara."

"Jaribu basi na wewe. Kitambaa hiki hapa."

Hakimu anafunga kidole, anacheza, anakufa. Anacheza tena, anakufa tena, na mara ya tatu anakipiga kidhibiti mezani.

"Umeona?"

"Nimeona. Lakini hasira ndiyo inayomrudisha mchezaji. Mchezo usiokera haumalizwi."

"Baba yangu umemkera hadi ameacha!"

Hakimu anakifungua kitambaa kidoleni. Kisha anauliza kama anaweza kwenda kumwona.

Jioni hiyo, sebuleni, mzee ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, mkono mfukoni. Hakimu anainama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewafufua?"

"Ndiyo, mzee."

"Una roho mbaya."

"Baba!" Marehemu anadakia.

"Mwache aseme mwenyewe, mwanangu. Anajitetea vipi?"

Hakimu anaeleza kwa adabu zote: daraja lazima liwe gumu, adui asiyeinuka hana utisho, kisima bila bei ni bafu. Mzee anasikiliza huku akiitafuna midomo yake. Kisha anasema jambo ambalo halihusu mchezo, au pengine ndilo linalouhusu.

"Sikatai wainuke. Mimi mwenyewe nilianguka, pale, mlangoni pa chooni, nikainuka. Lakini niliinuka na nusu. Mguu unaburuta, mkono umelala. Hao wa kwako wanaanguka kama mimi, halafu wanainuka na nguvu zote? Umeona wapi mtu wa hivyo?"

Mama anapita na sinia la vikombe, analiweka mezani bila kutoa mlio.

Hakimu anafungua kompyuta magotini. Muda wa usingizi haugusi. Anabadilisha kitu kimoja tu: mlinzi atakayeinuka mwenyewe atainuka na nusu ya damu.

"Mzee, tukubaliane," anasema. "Ukivuka ukafurahi, kanuni hii naitupa, maana nitakuwa nimeua mchezo. Ukivuka na bado umekasirika, inabaki."

"Mimi kukasirika sihitaji msaada wako," mzee anasema, na mkono unatoka mfukoni.

Wa kwanza anaanguka. Wa pili anaanguka. Wa kwanza anainuka, na mzee anamtolea tusi ambalo mkewe analifunika kwa kikohozi. Lakini safari hii mapigo machache yanamrudisha chini. Mzee anauma ulimi. Kidole kinachelewa, kinafika, kinachelewa, kinafika. Wa tatu anapobomoka, wenzake wawili wangali vifusi.

Daraja liko wazi. Mzee analivuka polepole, kama mtu anayekagua ukuta uliopakwa na mwingine. Upande wa pili kuna mlango mkubwa wa chuma, umefungwa.

"Mlango?" Sauti inapanda. "Nimekuja kote huku, nimepigwa wiki nzima, nikute mlango una kufuli? Ni nani aliyeweka kufuli hapa?"

Hakimu anamwinamia Marehemu. "Kanuni inabaki," ananong'ona.

Marehemu anafuta macho kwa kile kitambaa cha jikoni. Anasema katika mchezo ujao anataka jambo dogo liwepo kabla ya mtu kuanza: aulizwe vidole vyake vikoje leo, bila kuonewa huruma, na daraja limpime kwa jibu hilo. Hakimu hajakubali. Marehemu hana shaka atakubali, kwa sababu boksi la utepe wa gundi bado limejaa, na kidole cha Hakimu kinaweza kufungwa tena.

"Basi baba, upumzike," anasema, akiinama kuchomoa waya. "Kompyuta nairudisha ofisini."

Mzee anamdaka mkono asiuguse. Anamdaka kwa ule wa kulia.

"Iache hapo. Ufunguo uko wapi?"